Mgonjwa anapopigiwa simu, anayelipa ni nani?

Msomaji, ukilazwa hospitalini kwa siku kumi utagundua kwamba si maumivu pekee yanayokusumbua. Kuna saa pia. Daktari hupita asubuhi kwa dakika chache, muuguzi huja na dawa kwa nyakati zake, chakula huletwa, wageni huruhusiwa kwa muda mfupi kisha huambiwa waondoke. Saa zinazobaki ni zako wewe na dari. Ni katika saa hizo ambapo mtu humkumbuka mtoto aliyemwacha kwa jirani, deni la dukani, ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa, na hutamani kusikia sauti ya mtu wa kwao hata kama mtu huyo hana la maana la kusema.

Kwetu sisi madaktari hamu hiyo si anasa, na sababu zake za kitabibu nitazieleza baadaye. Wiki hii ningependa kwanza tutazame yaliyotokea Uingereza, ambako kwa miaka mingi hamu hiyo ilifungiwa mita na kutozwa kwa dakika. Wakenya wengi wana jamaa huko. Wengine walikwenda kusoma, wengine wanafanya kazi katika hospitali na nyumba za kutunzia wazee, na mwaka 2021 serikali yetu na ile ya Uingereza zilitia sahihi makubaliano kuhusu wauguzi na wahudumu wengine wa afya kutoka Kenya kwenda kufanya kazi huko. Na anayeuguza wengine naye huugua. Siku moja huenda ikawa ni wewe uliye Kakamega au Kilifi unayemtafuta kwa simu dada yako aliyelazwa Leeds au Birmingham. Si vibaya basi ukaijua historia ya simu iliyo kando ya kitanda chake.

Simu ya magurudumu

Zamani mambo yalikuwa ya kizamani lakini hayakuwa ghali. Katika hospitali nyingi za Uingereza kulikuwa na simu ya kutumbukiza sarafu iliyowekwa juu ya kigari cha magurudumu, na mgonjwa aliyeihitaji alisukumiwa hadi kitandani. Televisheni ilikuwa moja katika chumba cha pamoja, na mwenye nguvu za kutembea ndiye aliyechagua kipindi. Kulikuwa pia na redio ya hospitali, desturi iliyoanza huko katika miaka ya 1920 na ambayo hadi leo huendeshwa na watu wa kujitolea. Hawa hupita wodini wakiuliza nani anataka wimbo gani, kisha hurudi studioni kuucheza pamoja na salamu. Mgonjwa halipi chochote.

Mnamo Julai 2000 serikali ya Waziri Mkuu Tony Blair ilitangaza mpango wa miaka kumi wa kuimarisha huduma za afya za taifa hilo, zijulikanazo kama NHS. Waziri wa Afya alikuwa Alan Milburn. Miongoni mwa ahadi za madaktari zaidi na hospitali mpya kulikuwa na ahadi kwamba, kufikia mwaka 2004, kila hospitali kubwa ingekuwa na televisheni na simu kando ya kitanda cha mgonjwa.

Nani angeipinga ahadi kama hiyo? Mgonjwa angechagua kipindi chake mwenyewe na kuzungumza na watu wake bila kumsumbua muuguzi. Lakini serikali haikutoa fedha za kununulia mitambo hiyo. Kampuni za binafsi ndizo zilizopewa leseni, zikaingia wodini, zikafunga vifaa kwa gharama zao na kuvitunza, kisha zikaachiwa zirudishe fedha zao kutoka kwa watumiaji. Hospitali yenyewe haikulipia ufungaji. Kampuni iliyokuwa kubwa kuliko zote iliitwa Patientline, nayo ilifunga vifaa vyake kwenye vitanda zaidi ya 70,000.

Kifaa chenyewe kilikuwa skrini ndogo iliyoning'inia kwenye mkono wa chuma unaokunjika, pamoja na simu. Mgonjwa alinunua kadi, akaingiza nambari zake, na skrini ikafunguka. Alipewa pia nambari yake ya simu ya kuwagawia jamaa zake.

Sasa tuingie kwenye bei. Kufikia mwaka 2005, televisheni ilitozwa pauni 3.50 kwa siku. Mgonjwa akitaka kupiga simu nje, alilipa peni 10 kwa dakika, kiasi ambacho watu wengi hawakukilalamikia sana. Lakini aliyekuwa nyumbani akimpigia mgonjwa alitozwa peni 49 kwa kila dakika, au peni 39 nyakati ambazo simu huwa chache. Tafadhali soma tena sentensi hiyo. Bei kubwa haikuwa ya mgonjwa. Ilikuwa ya mama yake, mumewe, mwanawe au rafiki yake wa kanisani.

Hesabu si ngumu. Dakika kumi za kumjulia hali mgonjwa zilikuwa pauni 4.90, ambazo kwa thamani ya pauni wakati ule zilizidi Sh600 zetu. Mke aliyempigia mumewe dakika kumi kila siku kwa wiki mbili alimaliza na deni la pauni 68.60. Na kama mume naye alitazama televisheni siku zote hizo kumi na nne, ongeza pauni 49. Jumla ni pauni 117.60, katika nchi ambayo matibabu ya hospitalini hutolewa bila malipo kwa wakazi wake. Upasuaji bure, damu bure, kitanda bure, lakini kuuliza "umelalaje?" peni 49.

Baadhi ya waliopiga walilalamika pia kwamba kabla ya kumpata mgonjwa walisikilizishwa kwanza ujumbe mrefu uliorekodiwa, nao wakilipa.

Kwa nini mzigo ukawekwa kwa anayepiga?

Katika biashara yoyote, mwenye duka hupandisha bei pale ambapo mnunuzi hawezi kuondoka. Mgonjwa aliweza kusema, "Televisheni siitaki, nitasoma gazeti." Aliweza kufupisha simu zake. Lakini mama ambaye mwanawe ametoka chumba cha upasuaji jioni hii hawezi kusema atasubiri bei ishuke. Isitoshe, anayepiga haioni kadi wala mashine, na bei anayolipa huiona kwenye karatasi ya bili mwisho wa mwezi, wakati mgonjwa ameshatoka au ameshazikwa.

Tena mtu huyo hakuwa mteja wa yeyote. Kampuni ilichaguliwa na hospitali, kwa mkataba wa miaka mingi, na ndani ya hospitali hiyo haikuwa na mshindani. Mgonjwa hakuulizwa. Aliyekuwa nyumbani ndiye kabisa, hata hakujulikana jina lake. Hospitali kwa upande wake haikuwa na sababu ya kuteta juu ya bei kwa kuwa haikuwa ikiilipa yenyewe. Ninaona hili ndilo somo kubwa la kisa hiki kwa yeyote anayeendesha hospitali, na nitalirudia ninapozungumza na wakuu wa hospitali zetu: huduma iliyoletwa "bila gharama kwa hospitali" ina mlipaji mahali fulani, na mara nyingi mlipaji huyo hayuko katika chumba cha mkutano.

Kulikuwa na jambo lingine lililowapoteza watu. Nambari za simu za vitandani zilianza kwa 070. Huko Uingereza, kama ilivyo hapa kwetu, nambari za simu za mkononi huanza kwa 07. Mtu aliyepewa nambari hiyo kwenye kipande cha karatasi alidhani ni simu ya mkononi kama nyingine. Kumbe 070 lilikuwa kundi la peke yake, lenye bei zake. Wewe uliyezoea kupiga 07 kila siku ungeshuku nini?

Marufuku ya simu za mkononi

Utaniuliza: mbona wasitumie simu zao za mkononi? Swali zuri. Wakati huo hospitali nyingi za Uingereza zilikuwa zimepiga marufuku simu za mkononi ndani ya majengo. Mabango yalibandikwa milangoni. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa mitambo ya tiba.

Hofu hiyo haikuzuka hewani. Simu ya mkononi hutoa mawimbi ya redio, na mawimbi hayo yakiwa karibu sana na chombo chenye nyaya na vipimo laini yanaweza kukivuruga. Mashine ya kupumulia inaweza kupiga kengele bila sababu, pampu ya dawa ikasimama, au mchoro wa mapigo ya moyo ukaonyesha mambo yasiyokuwapo. Lakini umbali ndio unaoamua. Uchunguzi uliotolewa Uingereza mwaka 1997 na wakala wa serikali wa vifaa vya tiba ulionyesha kwamba simu ya mkononi ikiwa umbali wa mita moja ilivuruga asilimia 4 ya vifaa vilivyojaribiwa. Redio za mkononi za watu wa zimamoto na ambulensi, zenye nguvu zaidi, zilivuruga asilimia 41 kwa umbali huo huo. Kwa maneno mengine, kulikuwa na sababu ya kuiweka simu mbali na mashine za wagonjwa mahututi. Sababu ya kumkataza mtu aliyevunjika mguu kumpigia mkewe akiwa kwenye korido ilikuwa dhaifu.

Mwaka 2004 wakala wa Uingereza unaosimamia dawa na vifaa vya tiba, MHRA, ulieleza wazi kwamba marufuku ya jumla haihitajiki. Hata hivyo mabango mengi yalibaki ukutani kwa miaka kadhaa. Kulikuwa na sababu nyingine za kuyaacha, kama vile kelele za usiku na watu kuwapiga picha wagonjwa wengine, na hizo si sababu za kupuuzwa. Lakini haikosi mtu kujiuliza: marufuku hiyo ilimfaa nani zaidi, mgonjwa au mwenye simu ya kitandani? Wabunge nao walijiuliza.

Mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, Ofcom, ilianza kuchunguza bei hizo mwaka 2005 baada ya malalamiko. Ilipotoa matokeo Januari 2006 haikusema kwamba kampuni zilikuwa za wezi. Ilisema jambo zito zaidi, kwamba bei ya simu ilitokana na jinsi mpango wote ulivyofumwa na serikali, hospitali na kampuni kwa pamoja. Kampuni zilitakiwa kufunga vifaa vya bei ghali kwenye vitanda vingi mno, pamoja na vile ambavyo wagonjwa wake hawangevitumia sana, na simu za kuingia zikawa ndizo njia ya kurudisha fedha. Ofcom iliitaka Wizara ya Afya iupitie upya mpango wake. Mitambo ile, nayo, ilikuwa na uwezo wa kufanya mengi zaidi ya sinema: daktari angeweza kusoma faili ya mgonjwa hapo kitandani, na mgonjwa kuagiza chakula. Hospitali nyingi hazikuutumia uwezo huo, lakini gharama yake ilikuwa ndani ya bei.

Julai 2006 Kamati ya Afya ya Bunge la huko ilitoa ripoti kuhusu malipo yote madogo madogo ya hospitalini, tangu dawa na meno hadi maegesho ya magari na simu za vitandani, nayo haikuwa na maneno matamu.

Kilichofuata kinaweza kukuchekesha ukiwa mzima. Mwaka 2007 Patientline ilipunguza bei ya televisheni kutoka pauni 3.50 hadi 2.90 kwa siku, na papo hapo ikapandisha bei ya mgonjwa kupiga simu nje kutoka peni 10 hadi peni 26 kwa dakika. Ilikuwa kama kufungua tundu moja na kuziba jingine. Watu walikasirika. Lakini kampuni yenyewe haikuwa ikiogelea kwenye fedha, ilikuwa na madeni makubwa ya mitambo ile, na kadiri bei ilivyopanda ndivyo wagonjwa walivyozidi kuchomoa simu zao za mkononi chini ya blanketi. Mwaka 2008 ilianguka, na biashara yake ikachukuliwa na kampuni nyingine iitwayo Hospedia. Mgonjwa alilipa, jamaa alilipa, na mwenye kampuni naye hakupona.

Januari 2009 Wizara ya Afya ya Uingereza iliziandikia hospitali mwongozo kwamba wagonjwa waruhusiwe kutumia simu zao za mkononi kwa mapana iwezekanavyo, isipokuwa pale ambapo kuna hatari kwa mitambo, kwa usiri wa wengine au kwa utulivu wao. Baadaye serikali ilitaka hospitali zote za NHS ziwe na intaneti ya bure isiyo na waya kufikia mwisho wa mwaka 2018. Na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2019 Ofcom iliweka kikomo kwa kile ambacho kampuni za simu hutozana kwa nambari za 070, kikawa sawa na cha simu za mkononi. Hivyo ndivyo ilivyochukua karibu miaka ishirini kuondoa mzigo ulioingizwa kwa sentensi moja ya ahadi.

Sauti ya nyumbani kama sehemu ya matibabu

Sasa nirudi kwenye deni langu kwako, yaani sababu za kitabibu.

Wako wazee wanaoingia hospitalini wakiwa na akili timamu, wamekuja kwa ajili ya nimonia au kuvunjika nyonga, na usiku wa pili wanaanza kuweweseka. Mzee anamwita mkewe aliyekufa zamani. Anang'oa mpira wa dripu. Anamtuhumu muuguzi kuwa mwizi. Asubuhi ametulia, jioni yanaanza tena. Jamaa hunong'onezana kwamba amerogwa au amepata wazimu. Wala si hivyo. Huo ni mchafuko wa ghafla wa ubongo unaoletwa na maambukizi, upungufu wa maji mwilini, baadhi ya dawa, kukosa usingizi, na kuwa mahali pageni bila miwani wala kifaa cha kusikia. Si jambo dogo. Wazee wanaopatwa nalo hukaa hospitalini muda mrefu zaidi, na wengine hawarejei hali waliyokuwa nayo.

Mwaka 1999 daktari wa Marekani, Sharon Inouye, pamoja na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa wagonjwa 852 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Kundi moja lilihudumiwa kwa kawaida. Kundi la pili liliongezewa mambo ambayo hayauzwi katika duka la dawa: kukumbushwa siku na mahali walipo, kuzungumzishwa habari za siku, kusaidiwa kutembea, kunyweshwa maji, kurudishiwa miwani, kusaidiwa kulala bila vidonge. Katika kundi la kawaida asilimia 15 waliweweseka. Katika kundi la pili ni asilimia 9.9. Utafiti huo haukupima simu, nisije nikadaiwa nimesema hivyo. Lakini fikiria mwenyewe: ni nani anayeweza kumkumbusha mzee kuwa leo ni Jumanne na mvua imenyesha Bungoma kuliko binti yake? Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2010 kuhusu kuweweseka huko unazitaka hospitali ziwasaidie jamaa na marafiki kuwatembelea wagonjwa mara kwa mara. Asiyeweza kufika, na afike kwa sauti.

Muziki nao umepimwa. Mwaka 2015 jarida la madaktari la Lancet lilichapisha uchanganuzi wa majaribio 73 ya watu waliofanyiwa upasuaji. Waliosikiliza muziki, iwe kabla, wakati au baada ya upasuaji, waliripoti maumivu na wasiwasi pungufu, na walihitaji dawa kidogo zaidi za kutuliza maumivu. Hawakutoka hospitalini mapema kuliko wengine, hilo muziki haukuweza. Lakini mgonjwa anayeomba sindano chache za maumivu ni nafuu kwake na kwa muuguzi, na redio ya wale wa kujitolea ilikuwa ikifanya kazi hiyo bila kadi wala pauni.

Televisheni siipi sifa hizo zote. Kuna wagonjwa waliolalamika katika hospitali hizo hizo za Uingereza kwamba skrini iliwaka mbele ya uso wao hata walipokuwa hawajailipia, na hawakuweza kuizima. Mgonjwa anahitaji giza usiku. Usingizi nao ni dawa, na mtu wa kitanda cha tatu anayesikiliza mahubiri kwa sauti ya juu saa tano usiku anawanyang'anya wenzake ishirini dawa hiyo.

Kisha ukaja mwaka 2020 na ugonjwa wa Covid-19. Wageni walizuiwa wodini katika nchi nyingi, hapa kwetu pia. Watu walioagana na mzazi kupitia simu iliyoshikiliwa na muuguzi mwenye glavu hawahitaji kuelezwa na daktari thamani ya dakika moja ya simu. Nadhani tangu wakati huo hakuna mkuu wa hospitali anayeweza kusema kwa uso mkavu kwamba mawasiliano ya mgonjwa ni burudani.

Ukilazwa, au ukilaza mtu wako

Uingereza si nchi ya pekee iliyoitazama simu ya mgonjwa kama kitu cha pembeni. Nchini Marekani, bima ya serikali ya wazee iitwayo Medicare hulipia chumba na chakula hospitalini, lakini kama hospitali hutoza simu na televisheni kando, bima hailipi gharama hizo. Kwa hiyo ukiwa na mzazi au shangazi huko mwenye bima hiyo, asidhani kila kilicho chumbani kimelipiwa.

Kwetu, mgonjwa wa kawaida alirukia moja kwa moja kwenye simu yake ya mkononi, na hakuna kampuni iliyomning'inizia skrini kitandani. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini gharama haikutoweka, ilibadilisha mfuko. Ni yeye anayenunua salio, na ni yeye anayehangaika kutafuta soketi ya kuchajia. Katika hospitali za binafsi zenye televisheni chumbani, uliza siku ya kwanza kabisa kama imo ndani ya bei ya kitanda au itaandikwa peke yake kwenye bili, na jibu liwe la maandishi. Usione haya. Anayeuliza bei ya dawa kwa nini asiulize bei ya skrini?

Ukimpeleka mtu wako hospitalini, mfungashie chaja na visikilizio vya masikioni pamoja na kandambili na sabuni. Mtumie salio mapema, usisubiri akuombe, kwa maana wagonjwa wengi huona aibu kuomba. Ukiwa wewe ndiwe unayempigia mtu aliyelazwa Uingereza, tumia nambari yake ya mkononi au WhatsApp. Ukipewa nambari ya huko inayoanza kwa 070, yaani +44 70 ukipiga kutoka hapa, uliza kwanza bei kwa kampuni yako ya simu. Kikomo cha mwaka 2019 kiliwekwa kwa ajili ya kampuni za Uingereza, na bei ya simu kutoka Kenya hupangwa na kampuni ya Kenya.

Simu isiwekwe juu ya pampu ya dawa wala kando ya mashine ya kupumulia. Meza ya upande wa pili wa kitanda inatosha. Mtu aliyewekewa kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo aiweke simu angalau sentimita 15 kutoka kifuani, asiitie katika mfuko wa shati, kwa sababu baadhi ya simu za siku hizi zina sumaku. Anayevuta oksijeni asichajie simu chini ya mto wala juu ya shuka, kwani oksijeni huufanya moto mdogo kuwa mkubwa. Na simu ipanguswe kwa kitambaa chenye spiriti, maana imeshikwa na kila mkono ulioshika mlango wa choo.

Kama mgonjwa ni mzee ambaye hajui simu hizi za kugusa, mkubalianeni saa moja maalumu, tuseme saa kumi na moja jioni kabla ya chakula, na mumwombe muuguzi wa zamu hiyo amsaidie kuishika. Mpigie saa hiyo hiyo kila siku. Mtajie jina lako hata kama ni mwanawe wa kwanza, mtajie siku, mwambie nani amezaa na nani amevuna. Nambari ya wodi iandike kwenye karatasi na kuibandika ukutani nyumbani, isikae ndani ya simu ya mtu mmoja pekee, kwa sababu mara nyingi usiku unaohitajika kupiga ndio usiku ambao simu hiyo imezimika.